Simu ya Haki Bila Tundu la Hedifoni? Mie Sijakubali

Najua nimeadimika. Test zimefuatana bila kupumua, na sisi wa ualimu tuko mbioni kuandaa zana na maandalio ya masomo kabla ya kwenda TP. Leo nimeiba saa moja maana kuna ubishi umetushika chumbani tangu Jumapili, na mpaka naandika haya haujaisha. Nimeona niumwage hapa na nyie mseme.

Kisa kiko hivi. Tuna mwenzetu wa mwaka mmoja na sisi, nitamwita Mwalimu tu, maana wote tunaelekea huko. Mwalimu haoni. Anasomea kufundisha Historia na Kiswahili, na simu yake ndiyo daftari, ndiyo maktaba, ndiyo redio. Ana binamu yake anaishi Uholanzi. Wiki iliyopita yule binamu akamtumia ujumbe wa sauti: ananunua simu mpya, na hii anayotumia sasa, Fairphone 4, iko nzima kabisa, atamtumia kwa mtu anayekuja likizo. Chumba kizima tukapiga makofi. Mwalimu akajibu kwa maneno machache tu: "Kaka shukrani sana. Ina tundu la hedifoni?"

Jibu likaja kwamba haina. Mwalimu akasema basi kaka, mpe mwingine ataifaidi, mie nabaki na hii yangu.

Weee! Jamaa wa kitanda cha juu nusura aanguke. "Umepewa simu ya Ulaya, bure, unaikataa kwa ajili ya kitundu?" Ubishi ukaanzia pale, ukahamia kantini, ukarudi chumbani. Mie niko upande wa Mwalimu, tena naenda mbali kuliko yeye. Yeye kaishia kusema haimfai. Mie nasema kampuni inayojinadi kuwa ya haki haikutakiwa kabisa kuliondoa tundu lile. Nisikilizeni kwanza, mawe baadaye.

Kwa wasioijua, Fairphone ni kampuni ya pale Amsterdam. Ilianza mwaka 2010 kama kampeni ya kuwaeleza watu wa kule madini yaliyomo kwenye simu zao yanatoka wapi na yanachimbwa vipi, halafu mwaka 2013 ikawa kampuni na ikatoa simu yake ya kwanza. Mambo yao makubwa ni mawili. La kwanza, wanaochimba madini na wanaounganisha simu viwandani watendewe kama watu. Kwenye ile simu ya kwanza walitafuta bati na tantalamu kutoka Kongo, kwenye migodi isiyolisha vita. La pili, simu idumu. Fairphone 2 ya mwaka 2015 ilitengenezwa kwa vipande ambavyo unavifungua mwenyewe nyumbani, na ilipata masasisho ya programu mpaka mwaka 2023. Fairphone 5, iliyotoka 2023, wameahidi kuihudumia hadi 2031. Wale iFixit, ambao kazi yao ni kufungua vifaa na kuvipa alama za urahisi wa kutengenezeka, waliwapa Fairphone 2, 3, 4 na 5 alama 10 kwa 10. Hapa kwetu nani amewahi kupata 10 kwa 10 hata kwenye quiz?

Kwa hiyo msije mkadhani nawachukia. Nawapenda, na ndiyo maana nawabana. Mtu asiyekuahidi kitu huwezi kumdai.

Sasa tuje kwenye tundu lenyewe. Simu zao za mwanzo zote zilikuwa nalo, mpaka Fairphone 3+ ya mwaka 2020. Halafu tarehe 30 Septemba 2021 wakatangaza Fairphone 4, tundu hamna. Siku hiyohiyo wakatangaza na hedifoni zao zisizo na waya. Mwanzoni sikuona tatizo, mpaka nilipokumbuka nimeshawahi kuliona hili. Septemba 2016 Apple walitangaza iPhone 7 bila tundu, na siku hiyohiyo wakatangaza AirPods. Kule jukwaani waliuita uamuzi ule ujasiri. Duniani kote watu wakacheka, halafu kampuni moja moja zikafuata. Miaka mitano baadaye na hawa ndugu zetu wa haki nao wakafuata, kwa mtindo uleule: unaziba mlango wa bure, unauza ufunguo.

Najua hapo watetezi wao watasema nimewaonea, kampuni ilitoa sababu. Sawa, tuziangalie. Walisema bila tundu wanaweza kuipa simu kinga rasmi ya vumbi na maji, ile inayoandikwa IP54, na pia kuifanya isiwe nene sana.

Tuanze na unene. Fairphone 3 yenye tundu ilikuwa na unene wa karibu milimita 9.9. Fairphone 4 isiyo na tundu ina milimita 10.5. Yaani wametoa tundu na simu imenenepa! Hata mwenzangu wa kitanda cha juu hapa alinyamaza kidogo.

Tuje kwenye maji. IP54 maana yake simu imekingwa vumbi kwa kiasi na inavumilia maji ya kurushiwa. Samsung Galaxy S10 ya mwaka 2019 ilikuwa na tundu la hedifoni, ikawa na IP68, yaani hata kuzama inavumilia, na unene wake milimita 7.8 tu. Hapa nitakuwa mkweli: S10 imefungwa kwa gundi, na simu inayofunguka mfuniko kwa mkono ni kazi ngumu zaidi kuikinga. Kila tundu ni mlango mmoja zaidi wa kulinda, na kampuni yenyewe ni ndogo. Hilo nalikubali. Lakini tundu la chaji limebaki na limekingwa, na spika zimebaki na zimekingwa. Ukitaka kitu kibaki, unakitafutia njia. Wao walitafuta njia ya kutengeneza simu inayofunguka nyumbani wakati dunia nzima inasema haiwezekani, wanashindwaje na kitundu cha milimita tatu na nusu?

Halafu kuna kitu kinachoniuma zaidi. Kwenye Fairphone 2 na Fairphone 3 tundu la hedifoni lilikaa kwenye kipande cha juu pamoja na kamera ya mbele. Tundu likifa, unanunua kipande, unafungua skrubu, unabadilisha, basi. Yaani kati ya kampuni zote duniani, hawa ndio waliokuwa na tundu la hedifoni lisilokuwa na sababu ya kuiua simu. Kwetu hapa tunajua tundu likilegea inakuwaje: unaishika pini kwa kidole, unaikunja waya mpaka sauti itoke upande mmoja, mwisho unampelekea fundi wa getini anakuchomelea kwa risasi na sala. Wao dawa ya ugonjwa huo walikuwa nayo mkononi, wakaitupa pamoja na tundu.

Sasa turudi kwa Mwalimu, maana watu wengi wanadhani hedifoni ni za muziki tu.

Mwalimu anatumia TalkBack, ile programu ya Android inayosoma kila kilichopo kwenye skrini. Kidole kikigusa kitu, sauti inakitaja. Kidole kikihama, sauti inahama. Darasani anachomeka hedifoni sikio moja, jingine linabaki kwa mhadhiri. Ndivyo anavyosoma nondo na kuandika kwa wakati mmoja, na ndivyo anavyofaulu kutuzidi wengi wetu wenye macho yetu mawili.

Alhamisi nikaamua kujaribu. Nikaazima hedifoni za Bluetooth za yule jamaa, nikawasha TalkBack, nikafumba macho. Nilijipa dakika kumi, nikaacha ya nne. Tatizo ni hili: kwenye Bluetooth sauti lazima ifungwe kwanza, irushwe hewani, ifunguliwe upande wa pili, ndiyo uisikie. Inachelewa sehemu ndogo tu ya sekunde. Kwenye muziki huoni chochote. Lakini kidole kinapotembea juu ya herufi, unasikia "m" wakati kidole kimeshafika kwenye "n". Nilitaka kuandika "mtihani", sitawaambia nilichoandika.

Kuna la pili ambalo Mwalimu ndiye alinifundisha. Hedifoni nyingi za aina hii pakiwa kimya zinasinzia ili kutunza chaji, na sauti ikirudi zinachelewa kuamka, silabi za mwanzo zinamezwa. Kwa Kiswahili hiyo ni hatari kweli! Sisi kukanusha kwetu kunakaa mwanzoni. "Si kweli kwamba" inakufikia ikiwa "kweli kwamba". "Usitume" inakuwa "tume". Hebu fikiria unasoma desa la Historia usiku wa kuamkia UE halafu kila "si" imeliwa. Si utaandika historia ya nchi nyingine!

Na bado kuna mambo madogomadogo ya maisha. Hedifoni ya waya ikidondoka sikioni inaning'inia shingoni. Ya Bluetooth ikidondoka kwenye daladala umeshaaga, na kwa mtu asiyeona ndiyo usiulize kabisa. Ya waya haihitaji chaji. Getini pale inauzwa shilingi elfu mbili, elfu tatu, kabla bumu halijaingia unaweza kuimudu. Na kwenye simu zenye redio ya FM, ule waya ndio antena. Tunaenda TP mwezi ujao, wengine wetu tumepangiwa shule ambazo bando halishiki mpaka upande kichuguu. Kule redio ya simu na waya ndio taarifa ya habari yako.

Juzi umeme ulikatika tangu asubuhi. Saa mbili usiku nani alikuja taratibu kwenye kitanda cha Mwalimu kuomba hedifoni za waya asikilize mpira? Jamaa wa kitanda cha juu. Zake zisizo na waya zilikuwa zimezima zote mbili. Mwalimu akampa, akaongeza neno moja tu: "Kitundu."

Najua hoja zitakazokuja, kwa hiyo nizijibu kabisa.

Kuna watakaosema anunue adapta, ile ya kuchomeka kwenye tundu la chaji la USB-C halafu unachomeka hedifoni. Ni kweli ipo na inafanya kazi, haicheleweshi sauti kama Bluetooth. Kama binamu angeng'ang'ania kuituma simu, ningemwambia Mwalimu aanzie hapo. Lakini simu ina tundu moja la chaji. Mtu anayesikiliza mhadhara wa saa mbili aliorekodi, simu ina asilimia kumi, achague: asikilize au achaji? Zipo adapta za njia mbili, ni kitu kingine tena cha kununua, kitu kingine tena cha kupoteza. Pia ule mzigo wote unaning'inia kwenye tundu la chaji, ambalo ndilo uhai wa simu. Fairphone angalau tundu hilo linabadilishika. Kwa simu nyingine, shauri yako.

Wengine watasema dunia imehama, wateja wao wa Ulaya wanatumia Bluetooth, na kampuni ndogo isipouza inakufa, na ikifa hakuna haki yoyote itakayobaki. Hii ndiyo hoja iliyonipa shida, na sitaipuuza. Mfanyakazi wa kiwandani anayelipwa vizuri kwa sababu Fairphone imeuza simu nyingi hafaidiki na tundu langu. Lakini swali langu ni kwamba, anayeacha simu ya kung'aa ya kampuni kubwa akanunua Fairphone, kwa nini anafanya hivyo? Amechoka kuambiwa atupe kitu kizima. Huyo ndiye mteja wao wa kwanza, na huyo ndiye mwenye hedifoni nzuri za waya alizozitunza miaka kumi. Wamemwambia nini? Azitupe au anunue adapta.

Maana pini ile jamani ni maajabu. Kaka yake mkubwa, ile nene ya robo inchi, alikuwa anatumika kwenye mitambo ya simu ya kuunganishwa kwa mkono tangu karne ya 19. Hii ndogo ya milimita 3.5 ndiyo iliyokuwa kwenye Walkman ya kwanza ya Sony mwaka 1979, tena ile ilikuwa na matundu mawili ili watu wawili wasikilize pamoja. Hedifoni ya mwaka ule ukiichomeka leo kwenye simu yako yenye tundu, inaimba. Ni kifaa gani kingine cha umeme cha miaka ile unakichomeka leo bila kuuliza mtu? Kama kudumu ndiyo maana ya haki, kitundu kile kilikuwa kimeshatimiza ahadi ya Fairphone kabla Fairphone haijazaliwa.

Na tukumbuke kilichoingia badala yake. Hedifoni za Bluetooth za masikioni zina betri tatu: moja kila sikio, na moja kwenye kikasha. Betri hizo zinachoka. Baada ya miaka michache zinashika nusu saa, na nyingi hazifunguki, unatupa zote. Mwaka 2022 dunia ilizalisha tani milioni 62 za taka za vifaa vya umeme, na zilizothibitika kukusanywa na kurejelezwa ipasavyo ni asilimia 22.3 tu. Zilizobaki mnazijua zinakoenda, wengine tumecheza juu yake tukiwa watoto.

Betri hizi ndogo mara nyingi zina kobalti, na zaidi ya nusu ya kobalti inayochimbwa duniani inatoka Kongo, kule Kolwezi na majirani zake. Wapo wanaoingia mashimoni kwa nyundo na tochi kuifuata, na ukifika kule utawasalimia kwa Kiswahili nao watakuitikia kwa Kiswahili, cha kwao. Fairphone wanalijua hili kuliko mie, ni miongoni mwa walioanzisha mwaka 2020 umoja wa kuboresha hali za wachimbaji wadogo wa kobalti. Ndiyo maana nashindwa kuelewa. Ukishajua betri inatoka wapi, betri ya haki kuliko zote ni ile ambayo hukuihitaji. Hedifoni ya waya ina betri ngapi? Haina.

Niwape haki yao: mwaka 2023 walitoa hedifoni kubwa za Fairbuds XL, na mwaka 2024 Fairbuds za masikioni, zote betri zake unabadilisha mwenyewe. Ni kazi nzuri na kampuni nyingine zingeiga. Lakini ni sawa na mtu aliyekuvunjia daraja halafu akakutengenezea mtumbwi mzuri sana. Mtumbwi tunaushukuru. Daraja je?

Kinachochekesha na kuudhi ni kwamba tundu bado lipo kwenye simu nyingi za bei ya chini tunazotumia hapa, itel, Tecno, Infinix, ambazo hata hazijawahi kutuambia neno haki. Zenye haki zimelitoa. Fairphone 5 haina. Ile waliyoitoa mwaka 2025, ya kizazi cha sita, nayo haina.

Msimamo wangu basi. Sidai kila kampuni duniani irudishe tundu, wanaotaka simu nyembamba kama biskuti waendelee. Nawadai waliosimama mbele za watu wakasema wao wako tofauti. Walirudishe, na walirudishe kwa njia yao wenyewe: kwenye kipande kinachobadilishika. Asiyelitaka asilitumie. Anayelihitaji asiambiwe kwamba amepitwa na wakati, wakati aliyepitwa ni aliyesahau kumuuliza.

Na hapo ndipo mie kama mwalimu mtarajiwa napowaza sana. Kwenye kozi ya elimu maalumu tunafundishwa kwamba ukiandaa somo, anza na yule ambaye darasa litamwacha, ukimfikia yeye umewafikia wote. Kwenye uamuzi ule wa 2021 nadhani walianza na yule ambaye hahitaji chochote. Wengine tukafuata, na Mwalimu akabaki nje ya mlango.

Kuhusu ile simu, jamaa wa kitanda cha juu ameshamwandikia binamu wa watu kwamba yeye yupo tayari kuipokea hata kesho. Mwalimu kacheka sana, kasema sharti moja, umeme ukikatika asimsogelee.

Haya wadau, hasa nyie wa uhandisi mnaojua kukinga matundu na maji, njooni mnisahihishe kama nimepotoka. Na nyie mnaotumia Bluetooth, jaribuni dakika nne tu macho yakiwa yamefumba, halafu ndiyo tubishane. Ngoja nikimbilie kipindi, nikichelewa tena huyu mhadhiri ananipa supu.

Panapo majaliwa.